Uhai wa Tatu

Bosgarrack, karibu na St Just, Cornwall
14 Januari 1884

Kwa Katibu wa Shule ya Jumapili,
Kanisa la Wamethodisti, Moonta, Australia Kusini

Ndugu Katibu,

Usishangae kupata barua ya mwanamke usiyemjua. Mchungaji wetu ndiye aliyenipa anwani. Amesema barua za kwetu zikifika huko hupita mikononi mwako, maana nusu ya wachimbaji hawajui kusoma na nusu nyingine hujifanya hawajui. Mimi kusoma nilifundishwa kanisani, kwa hiyo utanivumilia kwa maneno mengi.

Namtafuta mwanangu Jabez Chegwidden. Kama yu hai ana miaka ishirini na tisa. Aliondoka hapa mwaka 1877, mgodi wetu wa bati ulipojaa maji ukafungwa. Alipofika bandari ya Adelaide aliniandikia mistari minne, kwamba anakwenda Moonta kwenye shaba pamoja na Hannibal Trembath wa hapa kijijini. Tangu siku hiyo sijapata hata salamu.

Ningeendelea kungoja, kungoja nimekuzoea. Lakini nyumba yangu imesimama juu ya ardhi ya bwana mkubwa kwa mkataba wa maisha ya watu watatu, kama nyumba nyingi za kwetu. Wewe mwenyewe unayajua mambo hayo. Unataja watu watatu, na maadamu mmoja wao anavuta pumzi, nyumba ni yako. Wa mwisho akikata roho, kuta na paa na bustani vinamrudia bwana, hata kama kila jiwe ulilibeba kwa mgongo wako. Mume wangu aliyabeba. Alijenga kwa miaka mitatu, kila siku akitoka mgodini. Watu watatu walioandikwa ni yeye mwenyewe, mwanangu wa kwanza Pascoe, na Jabez. Mume wangu yuko makaburini. Pascoe yumo mgodini, chini ya yale maji. Amebaki Jabez.

Sasa msimamizi wa bwana, Bwana Lobb, amekuja kwangu kofia mkononi. Mtu wa namna ile akikuvulia kofia, ujue ana jambo. Akasema, "Mama Chegwidden, mtu asiyeonekana miaka sita, nitajuaje kama yu hai?"

Nikamjibu, "Mungu naye haonekani, Bwana Lobb, na kila Jumapili unamwimbia."

Hakucheka. Amenipa hadi siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, nilete hati ya kiapo kwamba Jabez Chegwidden anaishi. Nisipoileta, nitoke. Nina miaka sitini na saba, na sijui nitatoka kwenda wapi.

Jina letu kwa lugha ya mababu, ile ambayo hakuna anayeizungumza tena, maana yake ni nyumba nyeupe. Kila mwaka majira ya kuchipua napaka chokaa kuta zangu, ili jina lisije likawa la uongo. Tafadhali nitafutie mwanangu.

Wako katika Bwana,
Thomasine Chegwidden

•

Moonta, Australia Kusini
16 Machi 1884

Mama Chegwidden mpendwa,

Katibu ni mimi, na ni mwanamke, tena wa miaka ishirini na minne. Wazee wa kanisa walinung'unika mwaka mzima, kisha wakaona kazi inafanyika, wakanyamaza.

Ningependa kukuletea habari njema, lakini sina. Nimepekua daftari la kanisa na orodha ya wachimbaji. Nimetembea makaburini mstari kwa mstari, juani, mtoto mgongoni. Wapo wenye majina ya kwetu ya kuanzia Tre na Pol na Pen ya kila aina, hai na wafu. Chegwidden hayupo hata mmoja. Basi angalau kaburini hayumo, shika hilo.

Hannibal Trembath nilimjua. Pole mama, alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1880. Alikuwa binamu wa mume wangu John. Waliingia mgodini siku moja, kwa desturi yetu ile ile: Kapteni Rodda, msimamizi wa mgodi, alimwuliza Hannibal kama anamjua mchimbaji mwingine mzuri, naye akajibu, "Ninaye binamu yangu." Kapteni hamwajiri mtu asiye na ndugu wa kumdhamini. Nilimwuliza John kama Hannibal alipata kumtaja Jabez Chegwidden. Akasema, "Simjui," akatoka kwenda kutazama kuku. Kuku hatuna tangu Krismasi. Huyo ndiye mume wangu, akichoka huwa hasikii anachoambiwa.

Nikuandikie na upuuzi kidogo, ili habari mbaya isikae peke yake kwenye bahasha. Tuna mtoto wa kiume, wa mwaka mmoja na nusu. Anaitwa Digory. Mimi nilitaka jina la kisasa, lakini John hana ubishi katika jambo lolote duniani isipokuwa hilo. Tena wiki iliyopita kanitia aibu mgodini. Unajua tunavyokata herufi ya jina pembeni mwa pasti, mkate wetu wa kufungia nyama na viazi, ili kila mchimbaji atambue chakula chake kwenye tanuri la kupashia. Mimi hukata T, kubwa kama mlango. Basi John akaenda akachukua pasti yenye C, ya Hosea Cocking, akala nyama na viazi vya watu hadi karibu na ncha, na ni mara ya tatu tangu tuoane! Wenzake wanamwambia, "Trembath, mapishi ya mkeo yamekushinda, au ni alfabeti?" Yeye hutazama chini tu. Hosea amesema mara ya nne atakata jina lake lote.

Nitaendelea kuuliza kila meli inapoleta watu.

Wako,
Grace Trembath

•

Bosgarrack
4 Mei 1884

Grace mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote kisicho Biblia. Nakushukuru kwa kutembea makaburini juani. Nakushukuru zaidi kwa upuuzi.

Nina ombi moja. Msomee mumeo barua hii kwa sauti, mezani, mkila. Isome yote, usiruke kitu.

Mume wangu aliitwa Digory. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jabez amefanana naye, tena amemzidi. Akifunga mdomo, amefunga. Alipokuwa na miaka minne, wiki ile tulipomaliza dohani ya nyumba hii, alipoteza kiatu kimoja kipya, na viatu tulikuwa tunavipata kwa shida. Nilimwuliza amekitupa wapi. Kimya. Nikamchapa. Hakulia wala hakujitetea, alinitazama tu. Mpaka leo kipigo kile kinaniuma kuliko kilivyomwuma yeye.

Alipoingia mgodini nilikuwa nikimwokea pasti, na kwa miaka kumi na mbili nilikata C pembeni. Alikuwa hali ile ncha yenye herufi. Aliwaachia wale vijipepo wanaosemekana hugonga kwenye mwamba, akifuata mambo ya baba yake. Nilimwambia Mkristo hawalishi mapepo. Akasema, "Ni ncha tu, mama, tena imeungua." Mkono wa mtu huzoea, Grace. Ukizoea kushika herufi moja tangu utotoni, njaa ikikuuma hukumbuki kusoma.

Bwana Lobb amepita tena, amepima bustani kwa hatua. Ninalala vizuri, mtu asidhani silali. Lakini nataka kusema neno, na lisikilizwe vizuri. Huenda yuko mtu huko ambaye akilitaja jina lake, nyumba yake yeye itabomoka: kazi itapotea, mke ataondoka, mtoto atakosa mahali. Mtu huyo mwambie asiseme. Nyumba yangu ni mawe. Ilijengwa na mtu aliyempenda mwanawe, na haikujengwa ili imponde. Jirani yangu Bi Honor Tregear ana chumba cha nyuma, kina unyevu, lakini na mimi pia nina unyevu siku hizi.

Nilikuwa namtafuta mtu wa kuniokolea nyumba. Sasa imenitosha kujua kwamba kuna mtu huko anachukua pasti isiyo yake.

Mbusu Digory kwa niaba yangu.

Thomasine Chegwidden

•

Moonta
29 Juni 1884

Mama Chegwidden,

Nilisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye ile C nilisimama mwenyewe. Nilimtazama. Alikuwa ameweka uma chini na amefunika uso kwa mikono miwili, na Digory anamvuta mkono akidhani ni mchezo.

Wewe ulijua. Mimi nikasoma kama kasuku. Miaka mitatu nimeitika jina la watu ambao hawana habari nami. Nimeapa mbele ya madhabahu kwa mtu ambaye hayupo. Mwanangu amebatizwa hilo jina. Najua ulisema asiseme. Ungetaka asiseme, usingeniandikia nisome mezani, tukila.

Niko kwa baba yangu na mtoto. Sina hasira nawe kiasi nilichoandika hapa, lakini siwezi kufuta, karatasi ni hii moja.

Grace
(Sijui niandike nini baada ya hapo.)

•

Moonta
13 Julai 1884

Mama,

Ni mimi.

Nimekaa na kalamu tangu ibada iishe. Sijui kuandika kama wewe. Nisamehe kwanza, halafu nitaeleza.

Tulipofika hapa Kapteni Rodda hakutaka mgeni asiye na ndugu. Hannibal akasema, "Huyu ni binamu yangu, John Trembath." Nikaitika. Nilidhani ni ya wiki moja. Wiki ile nilipangwa kwenye kundi zuri. Nikasema nitakuandikia nikishasawazisha mambo, maana barua yako ingekuja na jina la Chegwidden juu yake, na hapa barua husomwa na kila mtu. Halafu Hannibal akafa, nikabaki peke yangu na jina lake. Halafu nikamwona Grace. Kila mwezi niliokaa kimya uliufanya mwezi unaofuata kuwa mgumu zaidi. Nilikuwa nakuona moyoni ukipaka chokaa, nikawa nasema, angalau nyumba anayo. Mkataba niliusahau mama. Nilisahau kwamba paa lako limeshikwa na mimi.

Grace aliondoka siku ile ile. Siku ya tisa alirudi, lakini si kwangu, alirudi kuchukua cherehani yake. Akanikuta nimevaa koti la Jumapili siku ya Jumamosi. Nikamwambia nakwenda kwa Kapteni, kisha kwa mchungaji na hakimu kula kiapo. Akanitazama sana. Akasema, "Nitakusindikiza. Ukienda peke yako utafika mlangoni unyamaze."

Kapteni alisikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Anayenidanganya jina lake atanidanganya na nguzo iliyooza. Trembath, umefukuzwa." Tukatoka. Tulipofika langoni akaita kwa sauti, "Wewe Chegwidden! Simjui Chegwidden mimi. Kama unatafuta kazi, Jumatatu uje upange mstari na wageni." Kwa hiyo kundi langu nimelipoteza, naanza chini kusukuma magari ya mawe na watu walioshuka melini juzi. Sistahili hata hilo.

Mchungaji naye, Grace alimwuliza kama ndoa yetu ni ndoa. Akajibu, "Mungu hakudanganywa. Siku ile yeye alijua anamwozesha nani." Grace akasema, "Basi ni mimi peke yangu niliyedanganywa." Amerudi nyumbani, mama. Anazungumza na mtoto zaidi kuliko na mimi. Lakini cherehani ameirudisha mahali pake.

Hati ya kiapo imo ndani ya barua hii, na muhuri wa hakimu.

Kuna neno jingine, maana nimeahidi kutoficha kitu tena. Kile kiatu sikukipoteza. Baba alikivua mguuni mwangu akakitia ukutani kabla ya kuziba, upande wa kushoto wa dohani, nyuma ya jiwe lenye mshipa mweupe, kwa urefu wangu wa wakati ule. Alisema nyumba itamjua mtu wake wa tatu. Akaniambia nisikwambie, maana ungesema ni ushirikina. Ndiyo maana nilinyamaza uliponichapa.

Mwanao,
Jabez Chegwidden

•

Bosgarrack
30 Septemba 1884

Wanangu Jabez na Grace,

Barua yako Jabez ilifika Septemba mosi. Sitasema nilifanya nini nilipoona "Ni mimi", maana Bi Honor Tregear alikuwepo na ameshawaambia St Just nzima.

Siku ya pili nikavaa kofia yangu nyeusi ya kanisani nikaenda kwa Bwana Lobb. Akasoma hati mbele, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakuna kitu. Akasema, "Imeandikwa, John Trembath anayesema ndiye Jabez Chegwidden. Mtu yeyote huko ng'ambo anaweza kusema ndiye Chegwidden, mama. Labda amelipenda jina." Akasema atafikiri. Alifikiri mwezi mzima, nami najua alikuwa anafikiria bustani yangu.

Jana, siku ya Mtakatifu Mikaeli, akaja na watu wawili kutoa vyombo. Kijiji kilikuwa kimejaa mlangoni, wengine wamebeba visu vya samaki, ati wametoka kazini. Kitanda kikiwa nusu mlangoni nikamwambia, "Bwana Lobb, mwanangu aliyeandika hati ile ameandika na jambo jingine, jambo ambalo hata mimi mama yake silijui. Kama lipo, ni yeye. Kama halipo, nabeba kiti hiki mwenyewe." Nikampa barua asome kwa sauti. Nimejifunza kwamba kusomewa kwa sauti kunasaidia.

Alisoma, akawaamuru watu wake walitoe jiwe. Watu wake walikataa kugusa dohani. Basi yeye mwenyewe akapiga magoti na suruali yake safi, maana urefu ule ni wa mtoto wa miaka minne, akakwangua chokaa yangu ya miaka ishirini na tano. Mshipa mweupe ulikuwepo. Jiwe likatoka. Akatia mkono hadi kiwiko, na uso wake ukabadilika kabla mkono haujatoka.

Ni kidogo, Jabez. Nilikuwa nimesahau jinsi ulivyokuwa mdogo. Kimekauka kama gome, na kamba ingali imefungwa kwa lile fundo la baba yako. Bwana Lobb alikishika kiganjani muda mrefu, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Uhai wa tatu upo," akaandika kwenye daftari lake pale pale, akasaidia kurudisha kitanda. Sitamsema vibaya tena, ila siku za kawaida.

Nilikaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa. Nilikuchapa kwa ajili ya kiatu hiki, na wewe ulikuwa unamtunzia baba yako siri. Nisamehe mwanangu. Kwa kunyamaza kwako nilikupiga, na mwisho ndiko kulikoniokoa. Lakini usikuzoee. Andika kila mwezi, hata kama ni kuniambia umekula pasti ya nani.

Grace, wewe nakuandikia peke yako. Ulikuwa na haki ya kunikasirikia. Nilisema asiseme, na moyoni niliomba aseme, na nikakutumia wewe kama ngazi. Ulimsindikiza mtu aliyekukosea hadi mlangoni. Mimi katika hali yako ningechukua cherehani nikaenda zangu. Jina letu sikulazimishi. Ukitaka kubaki Trembath, utakuwa Trembath, nami nitakuandikia hivyo kwenye bahasha.

Kiatu ni lazima nikirudishe ukutani, ushirikina au si ushirikina. Fundi nimemwambia aje baada ya mwaka mpya, nikisema mgongo unauma. Mgongo hauumi. Nimetazama ndani ya tundu kwa mshumaa, na nafasi ipo ya kiatu kingine. Kwenye mkataba hakitahesabika, Bwana Lobb amenieleza hilo vizuri. Najua. Nimesema tu kwamba nafasi ipo.

Mama yenu,
Thomasine Chegwidden

•

Moonta
23 Novemba 1884

Mama,

Hiki ni cha mguu wa kulia. Digory amelia siku nzima akikitafuta, na sikumwambia kiko wapi, lakini kumchapa hapana.

Jabez bado anasukuma magari. Mgongo unamuuma yeye kweli. Bado kuna siku naamka nimemkasirikia, nami humwambia, naye hukaa akasikiliza hadi mwisho. Jumatatu nilikata C kwenye pasti yake kwa mkono wangu, mara ya kwanza. Nilikosea, nikaikata ikitazama kushoto, ikabidi nikande unga upya. Jioni alirudi na ile ncha kwenye leso. Safari hii hakuwaachia vijipepo wa mwambani. Aliiweka mezani mbele yangu, na herufi yake juu, tukaigawana watatu.

Fundi akija, mwambie asiifungue kamba. Fundo ni langu.

Grace Chegwidden